Turubai bila keria sokoni Cheptais

Ukitoka mjini Bungoma, barabara ya Cheptais hukupitisha Chwele kabla ya kuanza kuukwea Mlima Elgon. Anayetoka Kitale naye huja kwa njia ya Kamukuywa na Kimilili, wakakutana hapo hapo Chwele. Mlima huo, ambao kilele chake cha Wagagai kilicho upande wa Uganda kina kimo cha mita 4,321, ndio unaoamua mambo mengi huku, hasa mvua. Asubuhi jua huwaka hata ukatamani kulivua koti. Kufikia saa nane mchana mawingu meusi yameshateremka, na mchuuzi asiye na kibanda huanza kutazama juu kila dakika.

Siku ya soko nilivikuta viazi, vitunguu na kuku, kama ilivyo ada ya masoko ya mlimani. Lakini kilichonisimamisha ni gari aina ya Probox lililoegeshwa pembeni, ubavuni mwake kukiwa na kivuli safi cha turubai la buluu. Chini yake mama mmoja alikuwa amepanga sweta na makoti ya mitumba. Juu ya gari hapakuwa na keria hata ya dawa.

"Mama, kamba umeifunga wapi?" nilimuuliza.

"Zunguka upande ule ujionee, mwanangu," akanijibu huku akicheka.

Gari halikuwa lake. Alilikodi pamoja na dereva wake, na mwenyewe alishakataza katakata paa lisitobolewe. Hana makosa: tundu dogo tu, maji yakiingia, huzaa kutu. Mama naye alikuwa na lake. Mtaji wake ni mkopo kutoka chama chao cha akina mama, na sweta iliyolowa na kupakwa tope hainunuliwi hata kwa nusu ya bei. Basi ilibidi mali ya mmoja ikinge mali ya mwingine bila ya kuiharibu.

Nilizunguka. Ncha mbili za turubai zilikuwa zimefungwa kamba za manila, zikarushwa juu ya paa hadi upande wa pili, zikashuka na kupenyezwa kwenye matundu ya ringi za magurudumu, moja mbele na moja nyuma. Chini ya kila kamba, pale inapogusa rangi ya gari, palikuwa na kipande cha gunia. Turubai lenyewe lilifunika karibu paa zima, ili maji yasipate mwanya wa kuingia kati yake na gari. Upande wa wateja lilishikiliwa na miti miwili, kila mmoja ukivutwa kwa kamba hadi kwenye kigingi.

Mti mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Nilidhani ni uhaba wa miti, kumbe ndiyo akili yenyewe. Turubai la mita 2 kwa 3 likilala sawasawa, mvua ya milimita 10 tu hulijaza lita 60 za maji, yaani kilo 60, uzito wa mtu mzima! Miti haiwezi kustahimili. Likiinamishwa pembe moja, maji hutiririka yakaenda zake.

Na mvua ilikuja kweli, saa nane na nusu. Waliokuwa wakipita tu walijibana chini ya turubai, na kwa kuwa hawakuwa na la kufanya, wakaanza kupimana sweta. Tatu zilinunuliwa kabla mvua haijakatika.

Ujuzi huu utawafaa pia wenye kupeleka watoto kupiga kambi katika Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, inayofikiwa kutoka Kitale kupitia lango la Chorlim, kule kwenye pango la Kitum ambamo ndovu huingia kutafuta chumvi. Magari ya zamani kama Land Rover yana ukingo wa kupitisha maji juu ya milango, na ndoana hushika hapo vizuri. Wako wanaotumia sumaku, lakini bodi ya Land Rover hizo ni ya aluminiamu, nayo sumaku haiishiki. Vikombe vya mpira vya kunyonya hushika paa safi na laini; palipo na vumbi huachia. Mimi ningechagua kamba. Upepo ukizidi, hata hivyo, turubai lishushwe mara moja, maana hugeuka tanga.

Dereva yule alikuwa na tahadhari moja zaidi. Kabla ya kufunga kamba kwenye ringi, alifunga kitambaa chekundu kwenye usukani, ili asije akawasha gari na kuondoka kabla ya kuzifungua.