Mwaka Mmoja Katikati ya Udaktari



Mwezi uliopita dada yangu aishiye Uingereza alinipigia simu baada ya sala ya isha, na sauti yake ilikuwa na joto. Binti yake yuko mwaka wa tatu wa masomo ya udaktari. Amewaambia wazazi wake kwamba anafikiria kuyasimamisha masomo ya tiba kwa mwaka mmoja, asome fani nyingine, kisha arudi pale alipoachia. "Kaka," dada aliniambia, "mtoto amebakisha miaka miwili tu. Wewe ndiye anayekusikiliza. Mwambie amalize."

Sikumwambia amalize. Nilimwomba dada anipe wiki mbili niulize na nisome, kwani atoaye jibu la jambo asilolielewa huharibu zaidi kuliko anyamazaye.

Mpango wenyewe ni huu. Katika vyuo vingi vya tiba vya Uingereza, masomo ya udaktari huchukua miaka mitano. Mwanafunzi, aghalabu baada ya mwaka wa pili, wa tatu au wa nne, anaweza kuchopeka mwaka mmoja kati yake, akasoma somo moja kwa kina, akatoka na shahada kamili kwa mwaka huo mmoja, kwa kuwa miaka aliyokwisha kusoma huhesabiwa. Mimi nitaiita shahada ya kati. Katika vyuo kama Oxford, Cambridge na Imperial ya London mwaka huo umo ndani ya masomo na udaktari ni miaka sita, basi huko hakuna mashauri. Kwengineko ni hiari, na penye hiari ndipo nyumba hugawanyika. Wala si mambo ya Ulaya pekee. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kimekuwa na shahada za namna hii katika anatomia, fiziolojia na bayokemia, kwa hivyo mzazi wa Mombasa au Malindi huenda akaletewa suali hili hili mezani pake.

Dada alianza na pesa, na ana haki ya kuanza hapo. Kwa mkaazi wa England ada ya chuo ilikuwa pauni 9,250 kwa mwaka, na katika mwaka wa masomo ulioanza 2025 ikapanda hadi 9,535. Mikopo ya serikali ya kulipia ada hiyo ina riba, na Waislamu wengi wa huko wameikwepa kwa sababu hiyo. Mwaka 2014 serikali yao iliwauliza wananchi maoni juu ya mpango usio na riba, wa mfano wa takaful, na sheria ya mwaka 2017 ikaufungulia njia. Hadi ninapoandika haya mpango huo haujaanza kumlipia mtu. Wanazuoni wa kule wamekhitalifiana juu ya mkopo wenyewe na hapa si mahali pa kuwapatanisha. Dada na shemeji walichagua kulipa taslimu. Shemeji huendesha teksi usiku, dada hupika sambusa na mikate ya maharusi, na sisi wa huku tuna chama chetu cha kila mwezi. Ndiyo maana maneno "mwaka mmoja zaidi" yaliingia nyumbani mle kama habari ya msiba.

Kumbe binti alikuwa ameshapiga hesabu, ila hakuna aliyempa nafasi ya kuisoma. Kwa mwanafunzi wa England anayestahiki, ada hulipwa na idara yao ya afya, NHS, kuanzia mwaka wa tano wa masomo, na mwaka wa shahada ya kati nao huhesabiwa katika miaka hiyo. Basi asiyeichukua hujilipia miaka minne akalipiwa wa tano. Anayeichukua kabla ya mwaka wa tano hujilipia miaka ile ile minne akalipiwa wa tano na wa sita. Ada haizidi. Kinachozidi ni kodi ya chumba, chakula na nauli za mwaka mzima, pamoja na mshahara wa daktari unaochelewa kwa miezi kumi na miwili. Hayo si madogo kwa mtu anayeendesha teksi usiku, lakini si yale aliyokuwa akiyalilia dada. Nilipomsomea hesabu hiyo alinyamaza, kisha akasema, "Kwa nini hakuniambia?" Alikuwa amemwambia, mara mbili.

Halafu ikaja posa. Kuna kijana wa watu wazuri aliyekwisha kuleta barua, na upande wake unasubiri. Dada aliona haya kuwaambia wangoje zaidi. Nilimwambia aulizwe kijana mwenyewe, na nikaongeza kwamba nikaha haijapata kumzuia mtu kushika kitabu. Mwaka ule hauna zamu za usiku za wodini kama miaka inayoufuata, na kama ni kuanza nyumba, huenda ndio wenye nafasi zaidi. Kijana alipoulizwa alijibu kwa maneno machache kuliko wazee wote: asome.

Yakabaki masuali mawili ambayo ndiyo hasa: ausome mwaka huo au auache, na kama atausoma, asome nini.

Nilimpigia binti mwenyewe nikamwuliza kwa nini autaka. Jibu lake la kwanza halikunipendeza. Wenzake wengi, alisema, wanakwenda kusoma sayansi ya ubongo na neva, na shahada mbili huonekana vizuri kwenye maombi ya kazi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani. Daktari mpya wa Uingereza alipoomba hospitali ya kuanzia kazi, shahada ya ziada ilimwongezea alama. Kwa wanaoanza kazi kuanzia mwaka 2023 alama hizo zimeondolewa, na tangu 2024 nafasi hugawiwa kwa kutazama mapendeleo ya mwombaji na nambari ya bahati anayopewa na kompyuta. Baadhi ya njia za ubingwa bado huitazama shahada hiyo, lakini anayeisoma kwa ajili ya alama za mwanzo ananunua kanzu ya harusi iliyokwisha kuliwa pilau.

"Basi niache, mjomba?" akaniuliza. Nikamwambia sijasema aache. Nimesema hilo si jibu.

Sisi tuliolelewa madrasani tunazijua aina mbili za wasomi. Yuko aliyehifadhi hadithi nyingi na hajui zimemfikiaje. Na yuko aliyekaa akausoma upokezi: nani alisikia kwa nani, nani alikutana na nani, nani hifdhi yake ilikuwa dhaifu uzeeni. Wa kwanza anaweza kusomesha watu vizuri maisha yake yote. Wa pili ndiye unayemwendea siku mambo yanapogongana. Daktari naye ni mpokezi. Huambiwa dawa hii yafaa maradhi haya, na katika miaka mitano ya kukimbizana na mitihani hapati wasaa wa kuuliza nani aliyeipima, wapi, kwa watu gani. Mwaka wa kati, ukisomwa sawasawa, ndio mwaka wa kuuliza. Mwanafunzi hupewa suala moja, akasoma waliyoandika wengine, akapima mwenyewe hata kama ni kwa kiasi kidogo, kisha akaandika na kutetea alichokipata.

Nilimpa mfano wa karibu na kwetu. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba mtoto aliyefikishwa hospitali na homa kali huku damu yake haizunguki vizuri, ajazwe maji ya dripu kwa haraka. Lilikuwa jambo lenye mantiki, na lilitoka katika hospitali za nchi tajiri. Watafiti wakalipima kwa zaidi ya watoto 3,000 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi yetu ikiwa mojawapo, na mwaka 2011 wakatangaza matokeo. Miongoni mwa waliojazwa maji kwa haraka walifariki kiasi cha 10 na nusu katika kila 100 ndani ya saa 48. Miongoni mwa wasiojazwa walifariki 7 na kitu. (Watoto wa kuharisha hawakuwamo katika utafiti huo, kwa hivyo mama yeyote asije akakataa maji ya mtoto anayeharisha kwa sababu ya makala yangu.) Waliokuwa wakiwajazia watoto maji hawakuwa wazembe. Walifuata walichofundishwa. Kilichohitajika ni mtu wa kuuliza, anayejua namna ya kuuliza.

Binti alikaa kimya muda, kisha akatoa jibu la pili, na nadhani ndilo alilokuwa nalo tangu mwanzo.

Ramadhani moja alikuja likizo kwa bibi yake, mamangu mimi, ambaye ana kisukari na hudungwa insulini. Daktari alimwambia asifunge. Nami mwanawe nilimwambia ana ruhusa ya sharia asifunge. Akafunga. Alasiri moja sukari ilimshuka, akatapatapa jasho, na huyu binti ndiye aliyempa tende na maji kinywani. Bibi aliporejewa na fahamu alilia kwa ajili ya saumu yake. Aliporudi Uingereza binti alitafuta nani ameandika juu ya watu kama bibi. Aliupata utafiti mkubwa wa mwaka 2001, wa watu zaidi ya 12,000 katika nchi 13. Katika wenye kisukari cha aina ya pili, karibu 79 katika kila 100 walifunga siku 15 au zaidi za Ramadhani. Katika wale wa aina ya kwanza, ambao hatari yao ni kubwa zaidi, walifunga 43 katika kila 100. Na kushuka vibaya kwa sukari kuliongezeka sana katika mwezi huo kwa wote. Zilikuwamo Misri, Uturuki, Indonesia, Pakistan na nyinginezo. Katika hizo 13 hapakuwa na hata nchi moja ya Afrika Mashariki.

"Hakuna aliyemwuliza bibi anakula nini daku," aliniambia.

Hapo nikamwambia fani yake imekwisha kujichagua. Aache ubongo na neva kwa wenye suala la ubongo. Asome afya ya jamii, mahali watakapomfundisha kuhesabu maradhi katika watu, kutunga masuali yasiyomwongoza mgonjwa kwenye jibu, na kutofautisha sadfa na sababu. Nilimtahadharisha kwamba mwaka mmoja hautamaliza suala la bibi, na kwamba utafiti wa mwanafunzi ni mdogo. Nikamwambia pia aulize mapema nani atakayemsimamia, maana fani yenye jina kubwa na mwalimu asiyepatikana ni hasara mbili. Na ajue akirudi wodini mikono itakuwa imesahau kidogo, na darasa lake la zamani litakuwa mbele.

Dada bado hajaridhika moja kwa moja. Husema mwanafunzi asiye na suala linalomsumbua amalize tu akawatibu watu, na katika hilo nakubaliana naye kabisa. Daktari aliyenyoosha njia miaka mitano hana alichopungukiwa mbele ya mgonjwa wake. Ila wake huyu anasumbuliwa. Fomu imekwisha kutumwa.

Wiki iliyopita aliniomba jambo. Kila Shaabani akina mama huja au hupiga simu kuniuliza juu ya saumu na maradhi yao. Alitaka niyaandike masuali hayo kama yanavyoulizwa, bila ya majina, bila ya kuyapamba. Nimeanza. Karatasi ina masuali 11 hadi sasa. Moja ni la mama aulizaye kama sindano ya insulini hufunguza, na hilo nimelijibu mwenyewe: haifunguzi. Kumi yaliyosalia sina majibu yake, nami nimemtumia.