Baiskeli Inayomfaa Binti Yako



Ndugu wazazi na wanafunzi, leo tuzungumzie jambo ambalo wengi hulidharau: baiskeli ya mtoto wa kike.

Hapa kwetu Mwakiro baiskeli hubeba ndizi, maharage, maji, hata mgonjwa. Lakini nyingi ni za kipimo cha mwanamume mrefu: magurudumu ya inchi 28 na chuma cha juu kinachotoka kwenye kiti hadi usukani. Binti yangu alipoanza sekondari, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, alijaribu ya kaka yake. Ili avuke kile chuma ilibidi apandishe sketi, na pedali alizifikia kwa vidole tu. Siku ya tatu sketi ikanaswa na cheni mteremkoni. Alhamdulillah, aliumia goti tu. Majirani wakaniambia, "Ustadh, baiskeli si ya wanawake." Nikawajibu kuwa ile haikuwa kipimo chake.

Kwa upande wa dini, wanawake wa zama za Mtume (S.A.W.) walipanda ngamia, na hadithi ya Bukhari na Muslim inawataja wapandaji hao kwa sifa njema. Kinachotakiwa ni sitara na usalama. Na faida ipo: huko Bihar, India, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana pesa za kununua baiskeli, na wakaongezeka wengi sekondari.

Fundi mmoja alitaka kukikata kile chuma cha juu. Nikakataa. Fremu ile imejengwa kukitegemea; ikikatwa hupinda, na inaweza kuvunjika mtu akiwa kwenye mwendo. Nikauza mbuzi wawili, nikazunguka siku mbili za soko Muyinga, hadi tukapata yenye fremu iliyoinama katikati.

Kabla hujatoa pesa, angalia haya:

1. Apande na kushuka bila kupandisha nguo.
2. Akikaa na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Akikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Kiti kikiwa chini mno, magoti humuuma.
3. Akishika usukani, viwiko visinyooke kabisa, wala asiinamie mbele kama anayevutwa.
4. Vidole vifike kwenye breki bila kuachia usukani. Milima yetu haina huruma.
5. Kiti kiwe na upana wa kuibeba mifupa anayokalia. Chembamba mno humuumiza, na wengi huona haya kusema.
6. Cheni ifunikwe kwa bati, na gurudumu la nyuma liwe na wavu wa kuzuia nguo.

Baba, usinunue peke yako ukamletea nyumbani. Nenda naye, aipande mbele yako, umuulize anaumia wapi. Binti yangu sasa hufika shuleni kabla ya kengele, na nguvu za kusoma anazo.

Wabillahi tawfiq.