Dirisha la jicho au skrini? Kamera moja, kazi mbili, Kitengela na Kajiado

Tangu niseme kazini kwamba naweka pesa ya kununua kamera, kila mtu ananiuliza ni ya megapikseli ngapi. Ndugu msomaji, hilo silo swali lililoninyima usingizi. Swali langu lilikuwa hili: ninunue kamera yenye dirisha la kuweka jicho, au ile yenye skrini peke yake?

Haya, tuelewane kwanza. Nazungumzia zile kamera ndogo za kubadilisha lenzi ambazo hazina kioo ndani. Kamera kubwa za zamani zina kioo kinachopindisha mwanga wa lenzi na kuupeleka kwenye jicho lako. Hizi za sasa hazina. Mwanga unaangukia kihisi moja kwa moja, kisha kompyuta ya ndani inakuchorea picha. Inaweza kukuchorea sehemu mbili: kwenye skrini ya mgongoni, kama ya simu, au kwenye skrini ndogo sana iliyofichwa ndani ya dirisha, ambayo unaitazama kwa jicho moja kupitia lenzi ya kukuzia. Kwa hiyo dirisha nalo ni skrini! Tofauti ni kwamba moja inakaa juani na nyingine inakaa gizani.

Ubishi huu una umri sawa na kamera zenyewe. Mwaka 2008 Panasonic walitoa G1, kamera ya kwanza ya aina hii, na waliiwekea dirisha. Mwaka 2009 Olympus wakatoa E-P1 bila dirisha lolote, na watu wakaanza kugombana. Mpaka leo hawajaacha. Chukua mfano wa Nikon: Z50 ya mwaka 2019 ina dirisha, Z30 ya mwaka 2022 haina. Zote mbili zina kihisi cha megapikseli 20.9 na zinatumia lenzi zilezile. Sisi waandishi wa programu tungesema ni hifadhidata moja yenye nyuso mbili. Zilipotoka, Z50 ilikuwa ghali zaidi kwa kama dola 150 za Marekani, na hilo dirisha ni sehemu kubwa ya tofauti unayolipia.

Kabla hujavutiwa na tarakimu za dukani, kumbuka hesabu hii. Watengenezaji huhesabu nukta, si pikseli, na kila pikseli ina nukta tatu: nyekundu, kijani na bluu. Dirisha la nukta milioni 2.36 ni pikseli 1024 kwa 768, basi. Skrini ya mgongoni ya nukta milioni 1.04 ni pikseli 720 kwa 480. Gawanya kwa tatu kila mara, usitishwe na mamilioni.

Sasa nije kwenye shida yangu. Mimi naishi Kitengela na kazi yangu ni programu, lakini upande wa mama tuko nje kidogo ya mji wa Kajiado, kama kilomita 50 kutoka kwangu ukifuata barabara ya Namanga. Huko yuko mjomba, na yuko nyanya. Kila mmoja ana kazi yake na kamera.

Mjomba anauza ng'ombe. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 ulipitia Kajiado na kumwachia ng'ombe wa kuhesabika kwa vidole. Anajijenga upya taratibu na madume ya Sahiwal, ile mbegu ya asili ya Punjab inayopendwa kwetu kwa maziwa na nyama. Wanunuzi siku hizi wanataka picha kwanza, kwenye simu. Picha ikitoka na rangi iliyofifia, au nundu ikamezwa na kivuli, mnunuzi anashusha bei kabla hajapanda matatu. Kwa mjomba hiyo ni karo ya shule.

Nyanya hauzi kitu. Ila picha yake pekee iliyo wazi ni ile ya kitambulisho, ambayo alipigwa akiwa amesimama kama anayesubiri hukumu. Mama amesema mara nyingi kwamba hataki siku moja tuje kuikuza picha hiyo ya kitambulisho tuibandike ukutani. Sote tunajua anamaanisha siku gani.

Pesa ni ya kamera moja. Nikaazima mbili kwa wikendi moja, moja yenye dirisha na moja isiyo nalo, nikashuka Kajiado.

Jumamosi tulianza na ng'ombe, saa sita mchana, kwa sababu ndio wakati mjomba alikuwa nao karibu na maji. Kajiado iko chini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo jua la saa sita linakaa karibu kabisa juu ya utosi. Mwanga wa jua kali nje hufika lakisi 100,000 hivi. Ofisini kwangu ni kama 500. Ni mara mia mbili! Kioo cha skrini kikirudisha hata sehemu ndogo tu ya mwanga huo, kinachoonekana ni mbingu, kofia yangu na alama za vidole. Dume lilikuwa humo ndani mahali fulani. Kosa hapo si la kampuni yoyote, ndivyo mwanga ulivyo. Unaweza kuongeza mng'ao wa skrini hadi mwisho, na inasaidia kidogo, lakini betri inalipa.

Mjomba aliona ninavyohangaika, akavua shuka yake, akanifunika kichwa pamoja na kamera. Nikaona vizuri kabisa. Wapiga picha wa zamani wa studio walifanya hivyohivyo na kitambaa cheusi. Lakini dume halimngojei mtu aliyefunikwa shuka. Lilikuwa limeshageuka na kutuonyesha mkia.

Kwa kamera yenye dirisha, kazi ilikwisha kwa nusu saa. Jicho likiziba mwanga wa nje, unaona picha itakavyotoka: manyoya mekundu yakipata mwanga kupita kiasi unaona, tumbo likizama kwenye kivuli unaona, unazungusha kigurudumu kabla ya kubonyeza. Pia mikono miwili na paji la uso vinashika kamera pamoja, kwa hiyo lenzi ndefu haitikisiki sana. Na kwa tunaovaa miwani, pembeni kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha dirisha lilingane na jicho lako.

Kama ningerudi Kitengela jioni hiyo, uchaguzi ungekuwa umekwisha. Lakini palikuwa na nyanya.

Nyanya macho yake yana ukungu siku hizi. Anamfuata mtu kwa sauti, na kwa umbo la uso akiwa karibu. Tuliketi naye chini ya mti, nikamwamkia, tukaongea. Nilipoinua kamera yenye dirisha na kuibandika usoni, akanyamaza. Akageuza kichwa huku na huku, kisha akamuuliza mama kwa Kimaasai kama nimeshaondoka. Nilikuwa mita moja na nusu mbele yake! Ila uso aliokuwa akiongea nao ulikuwa umegeuka kitu cheusi chenye jicho moja. Nikapiga. Ilitoka picha nyingine ya kitambulisho.

Nikachukua ile ya skrini. Kivulini skrini inaonekana bila taabu. Nikaiweka kifuani, nikaikunjua skrini itazame juu, nikaendelea kumuuliza habari za mbuzi. Uso wangu ulikuwa wazi mbele yake muda wote. Aliongea, alicheka, alinikaripia kwa kutooa, na mimi nabonyeza tu. Mtindo huu si wa leo. Kamera za Rolleiflex, tangu mwaka 1929, zilitazamwa kwa juu zikiwa kifuani au kiunoni, na mpiga picha hakulazimika kuficha uso wake.

Basi hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nikilinganisha vitu viwili kama kimoja. Dirisha linahusu mimi ninaona nini. Skrini ya kifuani inahusu yule ninayempiga anaona nini. Dume la Sahiwal halijali uso wangu uko wapi. Nyanya anajali kuliko kitu kingine chochote.

Nilinunua kamera gani? Yenye dirisha, iliyotumika, na yenye skrini inayokunjuka kuelekea juu. Sababu yangu ni ya kimahesabu: kamera yenye dirisha inaweza kufanya kazi kama ya skrini, lakini ya skrini peke yake haiwezi kuota dirisha saa sita mchana. Baadhi ya zisizo nalo hukubali dirisha la kupachika juu, lakini nyingi hazikubali, na kipachiko chenyewe si rahisi. Nimekubali hasara zake: ni nzito kidogo, na dirisha kwa kawaida hula betri zaidi ya skrini, kwa hiyo natembea na betri mbili.

Wewe huenda ukachagua kinyume, na ukawa sahihi. Ukiwa njiani kwenda dukani, jiulize haya:

1. Unapiga saa ngapi, na wapi? Harusi ya mchana uwanjani, mifugo, mechi, wanyama kule Athi: lipia dirisha. Chakula, bidhaa za duka, watoto sebuleni: skrini inatosha.

2. Unajirekodi mwenyewe ukiongea? Usilipie dirisha. Tafuta skrini inayogeuka ikutazame, na pesa inayobaki nunua maikrofoni.

3. Unapiga nani? Kama ni mtoto mdogo, mzee, au mtu anayeogopa kamera, hakikisha skrini inakunjuka. Na jifunze kuzima kile kihisi cha pembeni mwa dirisha, kwa sababu kamera ikiwa kifuani shati lako linaweza kukidanganya kwamba ni jicho, na skrini ikazimika katikati ya kicheko.

Pia usiijaribu kamera ndani ya duka tu. Huko ndani kila skrini ni nzuri. Mwombe mwenye duka, kwa adabu, utoke nayo mlangoni mchana, uitazame juani, kisha umwelekezee mtu na uangalie anatazama wapi. Dakika mbili zinatosha.

Mjomba ameshauza madume mawili kwa picha. Ya nyanya nimeichapisha hapa Kitengela, kubwa, na mama ameibandika ukutani sasa hivi, nyanya mwenyewe akiwa hai na akilalamika kwamba imening'inia upande.