Hesabu ya Bilauri Nane

Katika kanuni nyingi za afya zinazosemwa midomoni mwa watu, ni chache zilizoenea upesi kama ile ya bilauri nane. Utaisikia shuleni, utaisikia zahanatini, utaisikia nyumbani kwa jamaa waliosoma: kila mtu sharti anywe bilauri nane za maji kila siku, na asiyetimiza hesabu hiyo hutazamwa kama mdeni asiyelipa. Wengine huizidishia ukali. Husema chai haimo katika hesabu, maziwa hayamo, uji haumo. Maji matupu peke yake ndiyo maji. Nimeisoma kanuni hii katika kuta za madarasa kadha wa kadha, imeandikwa kwa herufi kubwa za rangi, na kila mara nilijiuliza ni nani aliyezihesabu bilauri hizo, na alimhesabia nani. Mchunga ngamia wa Marsabit na karani wa Limuru, penye baridi na ukungu, wawezaje kuwa na kipimo kimoja cha maji, hali hawana kipimo kimoja cha jua wala cha jasho?

Swali hili si langu peke yangu. Mwaka 2002 profesa mmoja wa Marekani, Heinz Valtin, aliyetumia umri wake katika elimu ya figo, alichapisha makala marefu juu yake. Alitafuta ushahidi wa kitaalamu unaomlazimisha kila mtu mwenye afya kunywa bilauri nane, asiuone. Yamkini chanzo cha mambo ni mwaka 1945. Mwaka huo baraza la lishe la Marekani liliandika ya kuwa mtu mzima ahitaji maji yapata lita 2 na nusu kwa siku. Kisha likaongeza, papo hapo, kwamba sehemu kubwa ya maji hayo imo tayari katika chakula. Watu waliishika sentensi ya kwanza, hiyo nyingine wakaiacha njiani. Si ajabu. Wasomaji wanaokoma katikati ya habari wako katika kila nchi.

Tuutazame sasa mwili wenyewe, maana huo ndio wenye mali. Zaidi ya nusu ya uzito wako, msomaji, ni maji. Figo zako mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, huchuja kwa siku moja yapata lita 180 za majimaji kutoka katika damu, na karibu yote huyarudisha tena mwilini. Hutoa lita 1 au 2 tu, pamoja na taka zisizofaa. Chini ya ubongo kuna mahali padogo panapolinda ukolezo wa damu usiku na mchana. Damu ikizidi kuwa nzito kidogo tu, mahali hapo hutuma habari mbili. Habari moja huenda kwa figo: zuieni maji, msiyapoteze. Habari ya pili huja kwako mwenyewe, nawe huiita kiu.

Wako wasemao kwamba ukisikia kiu umekwisha chelewa. Neno hili hutisha, lakini halina nguvu. Kiu huamka wakati ukolezo wa damu umepanda kwa kiasi kisichotimia sehemu 2 katika 100, mapema kabisa kuliko saa ya hatari. Mlinzi aamkaye mwizi angali nje ya ua hawezi kulaumiwa kuwa amelala.

Juu ya hayo, maji hatuyapati kwa bilauri tu. Tikiti maji ni maji kwa zaidi ya sehemu 90 katika 100. Embe ni zaidi ya sehemu 80. Maziwa hayapungui sehemu 85. Wali uliopikwa, ambao hakuna anayeuita kinywaji, una maji karibu theluthi mbili ya uzito wake. Na chai, iliyosingiziwa kwa miaka mingi kwamba hukausha mwili, kwa mtu aliyeizoea na anayeinywa kwa kiasi huingia katika hesabu kama maji mengine. Mwana wa mkulima aliyekunywa uji asubuhi, chai saa nne, akala maharagwe yenye mchuzi mchana, amekwisha kunywa sana kabla ya kugusa kikombe cha maji.

Je, kwa nini basi hatuwezi kutaja kiasi kimoja kilicho sahihi? Kwa sababu miili haitumii maji kwa namna moja. Mwaka 2022 wataalamu wa mataifa mbalimbali walitoa matokeo ya kupima matumizi ya maji ya watu zaidi ya 5,600 katika nchi zaidi ya 20, tangu mtoto mchanga wa siku 8 hata mzee wa miaka 96. Vijana wanaume wa miaka 20 hadi 35 walionekana kutumia wastani wa lita 4.2 kwa siku, na wanawake wa umri huo lita 3.3, yakihesabiwa maji ya vinywaji, ya chakula, na hata yale ambayo mwili huyaumba wenyewe. Lakini wastani ni wastani. Wenye kazi za nguvu, wakaao penye joto, wanariadha, na wanawake wajawazito, walitumia maji mengi kuliko wengine. Mtu alimaye juani aweza kupoteza lita 1 ya jasho kwa saa moja. Huyo ukimpa bilauri nane tu kwa siku umemdhulumu. Na karani wa Limuru ukimlazimisha nane juu ya chai yake, umempa safari za chooni zisizo na faida.

Labda utasema kwamba wakimbiaji wetu, wanaoshinda dunia nzima, hunywa maji kwa hesabu kubwa ya siri. Habari zao zimeandikwa. Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya wataalamu, miongoni mwao Mkenya Vincent Onywera, waliopima chakula na kinywaji cha wakimbiaji hodari 10 wa Kenya katika kambi yao ya mazoezi. Kwa wastani kila mmoja alikunywa kwa siku lita 1.1 za maji, na lita 1.2 za chai ya maziwa. Naam, chai iliyashinda maji! Taarifa nyingine, ya mwaka 2008, iliwachunguza wakimbiaji 14 wa daraja hiyo waliokunywa kama walivyopenda, pasipo kuamriwa, nayo ikaona kwamba siku kwa siku miili yao haikupungukiwa na maji. Walitii kiu na birika la chai.

Yako mashindano ambayo kila niyafikiripo huona pande zote mbili za jambo hili kwa pamoja. Ni mbio ndefu za Boston, Aprili 2002. Wakenya wawili walishinda siku hiyo: Rodgers Rop kwa wanaume, na Margaret Okayo kwa wanawake. Nyuma yao, katika maelfu ya wakimbiaji wa kawaida, alikuwamo mwanamke kijana aliyeanguka njiani akafa baadaye. Hakuuawa na kiu. Aliuawa na maji na vinywaji vilivyozidi. Waliochunguza damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza mbio hizo waliandika mwaka 2005 kwamba 13 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa chumvi katika damu kwa sababu hiyo hiyo. Wengi wao walimaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Walikuwa wameonywa juu ya kukauka, wakanywa katika kila kituo, kiu ikiwapo au isiwepo. Figo haziwezi kutoa zaidi ya kiasi cha lita 1 kwa saa, na wakati wa mbio huweza hata kidogo zaidi. Maji yaliyosalia huizimua damu, chumvi hupungua, na ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilo na nafasi. Kumbe hata maji yana kipimo cha juu.

Kiu haitoshi kuwa mwalimu wa kila mtu, nalo nalisema kwa haraka. Wazee kiu yao hufifia, hivyo yafaa wakumbushwe. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonyeshwe tu; maziwa ya mama yamtosha hata penye joto. Mwenye mawe ya figo huambiwa anywe zaidi ya kiu yake, na wagonjwa wengine wa moyo au figo huambiwa wapunguze. Hao wamsikilize tabibu wao. Mwenye kuharisha hupoteza maji na chumvi pamoja, basi maji matupu hayamtoshi. Zahanati ikiwa mbali na dawa yake ya pakiti haipo, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vimeokoa roho nyingi. Wewe uliye mzima, ukitaka kujipima, tazama mkojo wako: ukiwa na rangi ya manjano hafifu, mambo ni mema, ukiiva rangi kama chai ya mkandaa, kunywa. Ni kipimo kisicho cha adabu mezani, lakini hakina gharama.

Mpaka hapa nimesema juu ya watu wanaokunywa watakapo. Lipo jambo lililonikera kuliko bilauri zote nane, nami sitaki kulipita.

Nilipata kufundisha katika shule ya bweni ya wasichana penye ukame. Shule ile sitaitaja. Ukutani ilikuwapo ile kanuni ya bilauri nane, na uani palikuwa na tangi lenye maji safi. Lakini baada ya adhuhuri wasichana walisinzia, wakalalamika vichwa, na muuguzi aliwatibu wengi wao maumivu wakati wa haja ndogo. Walimu tulihubiri maji. Wengine walisema ni uvivu. Hatimaye msichana wa kidato cha pili alimwambia mwalimu wa kike sababu. Vyoo vilikuwa vichache na mbali, nyuma ya uzio. Milango miwili haikuwa na komeo. Usiku hapakuwa na taa. Serikali ya Kenya hutaka choo 1 kwa wasichana 25. Pale hesabu ilipita mara mbili. Wasichana walikuwa wamepatana, pasipo kuandika mahali, kwamba baada ya chakula cha mchana mtu asinywe. Kiu zao hazikulala. Zilibisha hodi kila alasiri, nao walizifungia mlango ili wasilazimike kwenda gizani.

Nilipoyasikia hayo niliona haya kwa niaba ya ule ukuta na herufi zake. Mwili uliopungukiwa na maji kwa kiasi cha sehemu 2 katika 100 za uzito wake huweza kupoteza makini. Na sisi tulikuwa tukiwapa mitihani ya hesabu saa tisa, kisha tukiwauliza kwa nini hawafikiri.

Wazazi walikutana. Hawakununua bilauri. Fundi alitia makomeo, taa mbili za jua zikatundikwa kwenye njia ya vyoo, na muhula uliofuata vikachimbwa vyoo vipya karibu na bweni. Tangi ambalo zamani lilijazwa Jumatatu likadumu mpaka Alhamisi, sasa lilikuwa likikauka Jumatano kabla ya jua kutua, na mtunza ghala akaja kulalamika kwa mwalimu mkuu kwamba wasichana wanayamaliza maji.