Kalamu ya Mwanzi Mezani

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana ya methali hiyo tuliipata usiku tulipomwandalia karamu ya kumuaga mwalimu mwenzetu aliyestaafu.

Tuliazimia kwamba chakula kiwe cha kwetu pwani: pilau, kuku wa kupaka, kachumbari, mkate wa kumimina na maji ya ukwaju. Tukapenda pia kila mgeni apate orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa mkono. Kazi hiyo tulimpa jirani yetu, mzee anayesomesha Kurani. Alichonga kalamu ya mwanzi, akaikata ncha mshazari ili mstari uweze kunenepa na kukonda, kisha akaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Karatasi zilipendeza kama mlango wa nakshi. Nasi, tukiri kweli, tulizitaka ziwe pambo tu. Hatukudhani kwamba yupo atakayezisoma.

Vijana waliopitia chuo cha Kurani walijaribu. Wakasoma "bilau," na kicheko kikazuka. Lakini Kiarabu hakina herufi ya p, na waandishi wengi wa zamani walitumia ile ya b kwa sauti zote mbili, wakimwachia msomaji aamue kwa kuijua lugha. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alikuwa miongoni mwa waliozitafutia herufi hizo alama za kufaa sauti za Kiswahili.

Ndipo mama mzazi wa mstaafu alipoichukua karatasi, akaisoma toka juu hata chini bila kusita. Mwanawe alipigwa na bumbuazi, kwani miaka yote alikuwa akituambia kwamba mama yake hajui kusoma.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Baba yako alipokuwa baharini, barua zake nilizisoma mwenyewe, na majibu nikaandika mwenyewe."

Tuliona haya. Sisi walimu tulikuwa tumempima mzee yule kwa herufi za shule peke yake, hali tukijua kwamba tahajia tunayofundisha ilisanifiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930, na kwamba Utenzi wa Tambuka una nakala itajwayo kuwa ya mwaka 1728, iliyoandikwa kwa herufi zilezile alizozisoma mama yule mbele yetu.

Juma lililofuata tuliwaagiza wanafunzi wakawaulize bibi na babu zao. Baadhi yao walirudi na barua kuukuu zilizoviringwa katika vitambaa, ambazo hakuna mtoto nyumbani aliyepata kujua zinasema nini. Sasa mama yule huja darasani kutusomea, nasi tunanakili. Na tufanye hima, wasomaji wake wangalipo. Usiku ule tulidhani tunamkirimu mgeni. Kumbe wenyeji ndio tuliopona.