Nilikwenda Mabibo Kutafuta Kisu

Je, kisu chako cha kuchunia kina mpini imara? Usijibu haraka. Kwanza kichukue, ukishike, ukitikise.

Mwaka jana nilinunua kisu cha bei rahisi kwa ajili ya machinjio ya kijiji chetu. Kiling'aa sana. Siku ya tatu mpini ulichomoka wakati kijana mmoja anachuna mbuzi. Mkono wake uliteleza juu ya makali, akakatika kiganja. Mpaka leo kidole chake kimoja hakikunjiki vizuri. Kisu hicho nilikichagua mimi, Bwana Shamba. Kwa hiyo nilifunga safari kwenda kutafuta kisu cha kweli.

Lori la ndizi lilinishusha Mabibo, Dar es Salaam. Zamani Mabibo ilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni. Leo iko Wilaya ya Ubungo. Wewe unajua kuwa bibo ni tunda la mkorosho. Lakini sasa ukifika Mabibo utaona nyumba zimebanana, na soko kubwa la ndizi na matunda mengine. Nyuma ya kelele za soko nilisikia nyundo. Nikaifuata.

Nilimkuta fundi mhunzi, mzee wa makamo. Nikamweleza habari ya yule kijana. Akasema, "Kaa hapo, Bwana Shamba. Utazame kazi tangu mwanzo."

Fundi hakuchukua nondo. Nondo ni laini, haishiki makali. Alichukua kipande cha springi ya lori. Alikitia katika makaa, kikawa chekundu, akakifua juu ya fuawe. Kisha alikifukia ndani ya majivu kipoe polepole. Chuma kikipoa hivyo hulainika, na tupa hukikata.

Baadaye alikichonga kwa tupa. Ncha aliifanya ya mviringo kidogo. Sababu ni hii: ncha kali hutoboa ngozi, na ngozi yenye matundu hushuka daraja na bei. Kwenye mkia wa kisu alitoboa matundu matatu ya pini. Alitoboa mapema kwa sababu chuma kikishakuwa kigumu keekee haiingii.

Akakirudisha motoni. Alikuwa na sumaku. Sumaku ilipoacha kunasa, alijua moto umetosha. Mara moja akakizamisha katika mafuta. Sasa kisu kilikuwa kigumu sana, lakini kikianguka kingeweza kuvunjika. Kwa hiyo alikisugua kwa msasa, akakipasha tena kwa moto mdogo mpaka kikawa na rangi ya majani makavu. Hapo ugumu hupungua kidogo, na kisu hakivunjiki ovyo.

Mpini ulikuwa wa mpingo. Usikimbilie shoka, ndugu! Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia kuvunwa, na kuukata kunahitaji kibali. Fundi hutumia vipande vinavyobaki kwa wachongaji wa vinyago wa Mwenge. Alichagua moyo mweusi wa mti, kwa sababu sehemu nyeupe ya nje huliwa na wadudu. Alifunga pua na mdomo kwa kitambaa, maana vumbi la mpingo huwasha na kudhuru kifua. Akabandika vipande viwili kwa gundi, kimoja kila upande wa mkia. Akapitisha pini tatu za shaba na kuzigonga pande zote mbili. Mwisho alipiga msasa mpaka mpini ukakaa vizuri mkononi.

Kazi ilichukua siku mbili. Bei yake ilikuwa mara nne ya kisu changu cha kwanza. Nililipa.

Ndugu msomaji, unaponunua kisu, fanya haya:

Tikisa mpini. Usicheze hata kidogo.
Tazama pini. Zipite upande hadi upande.
Hakikisha chuma cha kisu kinafika mwisho wa mpini.
Baada ya kazi kioshe, kikaushe, kipake mafuta.

Nilipomkabidhi yule kijana kisu kipya, alikigeuza mara nyingi mkononi bila kusema neno. Kisha alichuna mbuzi polepole. Alipomaliza, aliinua ngozi juu kwenye mwanga wa jua. Haikuwa na tundu hata moja.