Marubani Wagomapo

Saa kumi na mbili alfajiri ya Jumamosi, tarehe 5 Novemba 2022, ndege za shirika la Kenya Airways zilitazamiwa kuruka kutoka kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, kama zilivyokuwa zikiruka kila siku. Abiria walikwisha kufika na masanduku yao, nazo ndege zenyewe hazikuwa na kasoro. Waliokosekana ni watu wawili tu, wale wa kuketi katika chumba cha mbele cha kila ndege. Chama cha marubani kilikuwa kimetangaza mgomo. Siku chache kabla, tarehe 31 Oktoba, mahakama ya kazi ilikuwa imetoa amri ya kuusimamisha mgomo huo, lakini marubani waliamua kutokuja.

Haukupita muda shirika likatangaza kuwa abiria zaidi ya 10,000 wameathirika, na kwamba kila siku ya mgomo inaligharimu shilingi milioni 300 za Kenya. Hesabu za namna hiyo husomwa upesi na kusahauliwa upesi. Elfu kumi ni tarakimu. Bali mtu mmoja aliyeketi juu ya sanduku lake katika sakafu ya kiwanja cha ndege, simu yake imekwisha chaji, na mtoto anamwuliza kwa mara ya kumi wataondoka lini, huyo si tarakimu.

Nairobi ni njia panda ya anga. Mtu atokaye Entebbe, Kigali, Bujumbura au Lilongwe, akiwa anakwenda Ulaya au Asia, mara nyingi hushuka hapo na kubadili ndege. Jambo hilo lina asili yake. Wazee wanalikumbuka shirika la East African Airways, lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania. Lilipokufa mwaka 1977, kila nchi ilibaki na lake. La Uganda lilifungwa mwaka 2001 na halikuruka tena mpaka mwezi wa Agosti 2019. Kwa hiyo mlango wa Nairobi ukifungwa, wanaobaki nje si Wakenya peke yao. Jirani naye hukosa pa kupita, ingawa ugomvi wenyewe si wake na wala hakuulizwa neno.

Na waliokosa pa kupita hawafanani. Mfanyabiashara aliyechelewa siku mbili hupoteza faida, pengine na mteja. Mwanafunzi hukosa mtihani. Mgonjwa aliyepangiwa siku ya kupasuliwa katika hospitali ya India huikosa zamu yake, na zamu hiyo hainunuliwi upya kwa tikiti mpya. Yuko pia yule anayekwenda kuzika. Huyo hana cha kudai kwa mtu yeyote, maana hata akirudishiwa nauli yote, kaburi litakuwa limekwisha kufukiwa.

Askari aliye katika likizo ana tabu yake ya peke yake. Karatasi yake ya ruhusa ina tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo ya pili haisogezwi kwa sababu rubani hakuja kazini. Kwa raia, kuchelewa ni hasara; kwa askari, kuchelewa ni kosa. Mwenye busara hatangojea afike kambini ndipo ajieleze. Atapiga simu kwa mkuu wake siku ile ile, ataomba shirika limpe barua ya kuthibitisha kwamba safari imefutwa, na atatunza tikiti pamoja na stakabadhi za malazi na chakula, kwa kuwa karatasi hizo ndizo zitakazosema kwa niaba yake mbele ya mkuu wake, na tena mbele ya shirika atakapodai nauli yake au safari nyingine.

Lakini marubani wenyewe walitaka nini? Wengi waliosikia habari ile walidhani ni mshahara, wakakasirika. Rubani, walisema, ni mtu mwenye nyumba nzuri, watoto wake wako katika shule nzuri, na mapato yake kwa mwezi mmoja mtu wa kawaida hayapati kwa mwaka. Kweli, lakini dai kubwa lililowatoa kazini halikuwa nyongeza ya mshahara. Lilikuwa akiba ya uzeeni. Kwa desturi mfanyakazi hutia sehemu ya mshahara wake katika mfuko wa akiba, naye mwajiri hutia sehemu yake. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozifungia ndege chini na shirika likapata hasara ya shilingi bilioni 36.2, mwajiri alisimamisha sehemu yake. Miaka miwili ikapita, ndege zikarudi angani, na marubani wakauliza: je, mfuko nao utarudi lini? Walidai pia sehemu za mishahara zilizokuwa zimezuiliwa wakati ule.

Jambo hili lingeeleweka katika kota za polisi na katika nyumba za kambini kuliko mahali pengine popote. Mke wa askari huijua tarehe ya mumewe kustaafu kuliko anavyoijua siku yake mwenyewe ya kuzaliwa. Anajua kwamba siku hiyo nyumba ya serikali itarudishwa, sare zitarudishwa, na kitakachobaki ni kiinua mgongo na pensheni. Kwa fedha hizo bati litanunuliwa, kiwanja kitamaliziwa deni, na mtoto wa mwisho atamaliza shule. Mtu akimwambia mama huyo kwamba fedha hizo zimesimamishwa kwa sababu hali ni ngumu, hataanza kwanza kuuliza kama mumewe ni koplo au ni kanali.

Na rubani, pamoja na sare yake ya mistari ya dhahabu, yuko karibu na askari katika jambo hili. Kazi yake hukatika mapema na kwa ghafula. Kanuni za kimataifa hazimruhusu mtu aliyepita miaka 65 kuendesha ndege ya abiria katika safari za nje. Kabla ya hapo hupimwa afya kila baada ya muda uliowekwa. Jicho likififia au moyo ukienda mbio isivyo kawaida, leseni huwekwa kabatini na ujuzi wa miaka 20 hauna soko tena. Mtu wa namna hiyo akiuliza habari za akiba yake, si halali kumwita mlafi.

Hata hivyo, haki ya dai ni jambo moja na njia ya kulidai ni jambo jingine. Amri ya mahakama ilikuwapo, na haikutiiwa. Anayeivunja amri asiyoipenda hawezi kesho kuishika mkononi ile inayomfaa. Shirika nalo haliwezi kunawa mikono, maana deni lililonyamaziwa miaka miwili halifi. Tena serikali ya Kenya ilikuwa na karibu nusu ya hisa za shirika hilo, hata mzozo ule haukuwa wa kampuni na watu wake tu. Fedha za mlipa kodi zilikuwa ndani yake.

Ajabu ya mgomo wa marubani ni uchache wao. Waliokuwa wakizungumziwa walikuwa kama 400, katika shirika lenye wafanyakazi elfu kadhaa. Lakini hao 400 wakiketi chini, wote wengine wameketi. Mhudumu hawezi kuruka peke yake, na fundi aliyekagua injini usiku kucha huitazama ndege yake ikikaa pale pale. Wala rubani hakopwi kwa jirani kama chumvi. Leseni yake humruhusu aina fulani ya ndege: aliyezoezwa Embraer hapandi asubuhi moja katika Boeing 787 akaiondoa. Kuna mafunzo ya wiki nyingi, kuna mitihani, na kuna saa ambazo haruhusiwi kuzizidisha bila kupumzika, asije akasinzia na watu 200 nyuma yake.

Nje ya lango la kiwanja wako wengine ambao majina yao hayamo katika daftari la shirika. Dereva wa teksi huilipa gari yake kwa siku. Mpagazi huishi kwa bahashishi. Mama apikaye chai na maandazi kwa wafanyakazi wa zamu ya usiku amekwisha kununua unga na sukari, na maandazi hayangoji mgomo uishe. Methali ya fahali wawili na nyasi imesemwa mara nyingi hata imechakaa. Lakini ina upungufu mmoja, kwamba nyasi hazina mtoto wa kumlisha jioni. Na fahali wa safari hii walikuwa na akiba ya kuwawezesha kupigana juma zima. Mama wa maandazi alikuwa na akiba ya siku moja.

Yako mataifa yaliyojaribu kuuvunja mgomo wa namna hii kwa kutumia jeshi. Katika mwezi wa Agosti 1989 marubani wa ndege za ndani za Australia walidai nyongeza ya asilimia 29.47, kisha wakasema watafanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni tu, kama makarani. Waziri Mkuu wa wakati ule, Bob Hawke, alikataa, akaliita jeshi la anga lisafirishe raia. Ndege za Hercules, zilizojengwa kwa kuchukua askari na zana zao, zikawapakia wafanyabiashara na mikoba yao, na akina mama na watoto wao. Marubani zaidi ya 1,600 walijiuzulu kwa pamoja. Serikali haikurudi nyuma. Ndege na marubani wa nchi za nje wakaruhusiwa kuingia. Ugomvi uliendelea kwa miezi. Mahoteli ya pwani ya Queensland yalikosa wageni na wafanyakazi wake wakapoteza kazi. Wengi katika marubani wale hawakurudishwa tena, wakaenda kutafuta mkate katika nchi za mbali. Askari waliorusha zile Hercules walikuwa wametekeleza amri, lakini jeshi halikuweza kuziba pengo lote; ndege ya vita huwachukua abiria, haiwi shirika la abiria.

Nairobi nako kumewahi kuona sare katika mgomo. Tarehe 6 Machi 2019 wafanyakazi wa kiwanja kile kile, si marubani safari hiyo, waligoma kupinga mpango wa kuipa Kenya Airways usimamizi wa kiwanja. Polisi walitumwa, mabomu ya machozi yakatumika, na askari wa jeshi la anga wakaletwa kufanya ukaguzi wa abiria. Siku kama ile ni nzito kwa askari kuliko wanavyodhani wanaomtazama. Aliyesimama mbele yake na bango pengine anakaa naye mtaa mmoja, na watoto wao hucheza pamoja. Tena lile analolilia mwenye bango, yaani mkate wa kesho, ndilo analolifikiri mwenye rungu akiwa nyumbani. Tofauti ni kwamba yeye hana ruhusa ya kugoma. Sheria za nchi nyingi humkataza, na kwa sababu isiyofichika: mji ukikosa ndege siku nne utalalamika, ukikosa polisi usiku mmoja utaungua. Lakini kwa kuwa ameinyima mikono yake silaha hiyo, wale wanaoshika daftari la mishahara na pensheni yake wanadaiwa uangalifu mkubwa zaidi, si mdogo. Mtu asiyeweza kupiga kelele husahauliwa kwa urahisi.

Mgomo wa mwaka 2022 ulikwisha kwa amri. Jumanne, tarehe 8 Novemba, mahakama iliwaagiza marubani warudi kazini ifikapo saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya pili, na shirika nalo likaagizwa liwapokee pasipo kuwatisha wala kuwaadhibu. Safari hii walitii. Suala la akiba likabaki mezani, ambako lingeweza kuwa limewekwa mapema, kabla hata sanduku moja halijakwama.

Kurudi kwa marubani hakukuwa kurudi kwa safari. Ndege zilikuwa zimelala mahali ambapo hazikupaswa kulala, na foleni ya waliobaki nyuma ilichanganyika na ya wenye tikiti za siku hiyo, hata ikawa kazi ya siku kadhaa kuwapanga watu upya, kiti kwa kiti. Waliokuwa mahakamani walikuwa pande mbili, shirika na chama, na kila upande ulirudi na neno lake kwa maandishi. Mama wa maandazi hakuwa mdai wala mdaiwa. Jumatano asubuhi naye aliwasha moto wake kama kawaida, kwa unga wa kukopa.